Ndoo ya Rangi na Spika Nne za Tabora

Kinama, Bujumbura
12 Februari 2023

Kaka Pontien,

Pokea salamu zangu na saruji iliyoko kwenye vidole vyangu. Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Shemeji Jovithe msalimie, watoto wasalimie, na mama mwambie kile kikohozi kimekwisha.

Huku mafuta ya magari hayapatikani, basi nakwenda kazini kwa miguu mpaka Carama. Tunajenga nyumba ya ghorofa ya mtu ambaye hatujawahi kumwona. Mimi bado ni yede, ndivyo wanavyomwita huku msaidizi wa fundi mwashi. Fundi anasimama juu anapiga mluzi, yede anapanda ngazi na karai la zege kichwani.

Ulisema tuandikiane kwa sababu kwenye simu tunatukanana na mama yuko karibu. Sawa. Barua zangu atazibeba Birindwa, dereva wa lori la Dar. Akipitia njia ya Kahama atakutafuta. Kwenye karatasi angalau mama hatatusikia.

Nina habari moja nzuri. Nimejitengenezea muziki. Spika moja niliing'oa kwenye mlango wa basi dogo lililokufa, mwenye basi akanipa kwa kunionea huruma. Nimeifunga kwenye mdomo wa ndoo ya rangi tupu, ile kubwa, niliyoitoa kazini. Ndani nimeshindilia kipande cha godoro ili isigongegonge. Kuna redio ya gari inayokula memori, betri ya pikipiki, na paneli ndogo ya sola juu ya bati. Basi. Jumapili alasiri nalala chali sakafuni, mgongo unapata baridi ya saruji, nasikiliza.

Jirani yangu Hugues, karani wa ofisi fulani, ana spika moja kubwa ya Kichina inayowaka taa za bluu na nyekundu. Alikuja kuchungulia.

"We Réno, hii ndiyo muziki? Mutu mukubwa anasikiliza ndoo ya kuogea?"

Nikamwambia, "Na we unasikiliza taa."

Hajanisalimia tangu siku ile, nami napumzika.

Kwenye memori nimewekewa inanga, ile ya kunong'ona aliyokuwa akiitafuta marehemu mzee kwenye redio, mama naye akiacha kuchambua maharage. Mtu anakuna nyuzi za ubao wake na kuongea kwa pumzi tu, kama mwenye siri anayejua jirani yuko dirishani. Muziki ule haukutengenezwa kwa ajili ya umati.

Sasa niambie, tutaganduka lini, tumtoe mzee msibani? Ulisema kiangazi kilichopita, kikapita. Mwaka wa pili huu mzee yuko chini na nyumba yako bado iko msibani. Redio ya mama bado mmeifungia kabatini?

Ni mimi,
Rénovat


Ulyankulu, Tabora
3 Aprili 2023

Mdogo wangu Rénovat,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai cha Birindwa. Sisi tunamshukuru Mungu. Tumbaku imesimama vizuri kuliko ya majirani. Orlane wangu amekwenda sekondari, njia ambayo wewe uliikimbia ukiwa darasa la tano. Mama yupo, anakula, anasali. Siku hizi ukimwita anachelewa kuitika, lakini huo ni uzee, na mimi namwita tena.

Sasa unieleze kitu. Mzee hatujamtoa msibani, na wewe mwanawe umelala chali unasikiliza inanga. Tena kwenye ndoo. Umesahau kwamba mpaka siku ya kuganduka nyumba ya mtoto wa marehemu haipigi muziki, hata kama nyumba yenyewe ni chumba cha kupanga Kinama? Kwangu redio inafunguliwa kwa taarifa ya habari tu, ikiisha inarudi kabatini. Habari siyo muziki.

Wazazi wetu walitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili mikono mitupu. Desturi hii ndiyo waliyoibeba, nasi tumeitunza huku msituni. Wewe umerudi kule ilikotoka, ukaitumbukiza kwenye ndoo ya rangi.

Kuganduka kutafanyika nitakapokuwa tayari. Elvire, yule jirani yetu mjane, alipomtoa mumewe msibani alileta turubai na spika mbili kutoka Tabora mjini. Mpaka leo watu wakipita pale wananyoosha kidole. Mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kumtoa baba kimya kimya kama mwizi anayetoka dirishani. Zitakuja spika nne. Mwenye nazo anasema kiangazi hiki zimeshikwa na harusi, basi tutangoja. Kungoja siyo dhambi.

Zima hiyo ndoo.

Kaka yako,
Pontien


Kinama, Bujumbura
7 Mei 2023

Kaka,

Salamu kwenu wote, na pongezi kwa Orlane. Mwambie asome kwa niaba yetu wawili, maana wewe ulifika darasa la saba na sioni tofauti. Huku mvua imeangusha ukuta wa choo. Chanelle, mwenye nyumba wetu, ametuwekea pazia, na upepo wa ziwani unalifungua unavyotaka.

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya mifuko ya saruji. Fundi akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia kaka yangu anatafuta spika nne za kumtoa baba yetu msibani. Akafikiri kidogo.

"Huyo marehemu masikio yake ilikuwa imekufa?"

Nikapanda na karai langu.

Chanelle naye alifiwa na baba yake mwaka jana. Waliganduka mapema, hapa hapa uani, kwa kreti za Fanta na pombe ya mtama kidogo, na jioni ile ile redio yao ikawaka. Nilimuuliza kama hawakuogopa.

"Kuogopa nini? Mi nilimulilia baba akiwa bado anahema, ndiyo kulilia mutu. Nyinyi watu wa Tanzania mulikimbia na nguo moja, sasa imechanika munasema ni sare."

Watu wa Tanzania ndiyo sisi, kaka. Huko wanatuita Warundi, huku wanatuita watu wa Tanzania, na wewe unataka spika nne ili upande gani usikie?

Lakini sijakuandikia kwa ajili ya hayo. Birindwa alikula kwako safari iliyopita, saa ya habari. Amenieleza kitu ambacho wewe hukukiandika. Kabla ya taarifa ya habari kuna kile kipande cha tarumbeta na ngoma. Anasema mama anasogeza kigoda mpaka goti linagusa redio. Tarumbeta zikianza, wewe unapunguza sauti mpaka mtangazaji afungue mdomo. Mama anabaki ameinama pale. Mtangazaji akianza kusoma, mama anaondoka. Habari zenyewe hazitaki. Anakaa siku nzima akingoja tarumbeta, na wewe, mzee wa kanisa, unamnyima hata hizo.

Na ukimwita anachelewa kuitika. Eti uzee. Kaka, wewe si mpumbavu, ingawa unajitahidi. Unangoja spika nne huku masikio mawili yanaondoka.

Mpe redio yake sasa hivi. Marehemu ana wakati wote duniani.

Rénovat


Ulyankulu
18 Juni 2023

Rénovat,

Wote wazima. Tumbaku tumeitundika kukauka.

Masikio ya mama hayakuhusu, na Birindwa abebe mizigo, asibebe maneno. Mama anasikia vizuri. Juzi nilimwomba kigoda akaniletea maji ya kunywa, kwa sababu jua lilikuwa kali na yeye ananijali. Wewe uko mbali, huwezi kuyaona mambo kama hayo.

Wanawake wa huko wenye kreti za Fanta usinifundishie desturi kwa vinywa vyao.

Nakwambia mara ya mwisho. Siku ya kuganduka kila mtoto wa marehemu ataitwa kwa jina, ataitika, atapiga funda la pombe ya mtama mbele ya watu. Unajua maana yake, na unajua pia maana ya kutoitwa. Kama ile ndoo inaendelea kulia, jina lako sitaliita. Watu wahesabu wenyewe mzee aliacha watoto wangapi.

Pontien


Kinama, Bujumbura
9 Julai 2023

Kaka Pontien,

Salamu. Nimeanguka na karai ngazini, goti limevimba kama papai, kwa hiyo niko chumbani na nina nafasi ya kukudharau vizuri bila kuharakishwa na mtu. Jovithe msalimie. Nampa pole.

Umejua pa kunigusa. Huku sina mtu. Fundi hajui jina langu la pili. Wakinizika Kinama wataandika yede kwenye msalaba. Kitu pekee nilicho nacho kinachosema mimi ni wa nani ni kule kuitwa siku moja baada yako, mbele ya watu wa Ulyankulu wanaotujua. Na wewe umekishika kama fimbo.

Basi nimezima. Umeshinda, kaa ufurahi kama unaweza.

Nimefungua vyote, redio, betri, paneli, na ndoo na spika yake. Anavileta Birindwa, nimevifunga kwenye koti langu. Koti usilirudishe. Waya mwekundu kwenye mwekundu, mweusi kwenye mweusi. Nyaya nimezifunga vitambaa ili hata wewe usikosee. Memori iko ndani tayari, inanga tupu. Sauti usiiongeze kupita alama niliyochora.

Sasa sikiliza hili. Ndoo isiwekwe mezani. Iweke mapajani mwa mama, mikono yake ishike pembeni. Zile nyuzi nene zinapita kwenye plastiki mpaka kwenye mifupa. Nimejaribu mwenyewe, nimeziba masikio kwa vidole na bado nikajua mpigaji amefika wapi. Najua unaandika kwamba anasikia vizuri. Iweke mapajani hivyo hivyo.

Hugues alinikuta nafungasha.

"Unahama?"

"Apana. Ndoo ndiyo inahama. Inaenda kwa mama."

Akaigonga ndoo kwa kidole. "Hata mi mama yangu hapendake hii yangu. Anasemaka inamupiga kifuani, haimufikii kwa roho."

Nusura nimheshimu. Akarudi kwake akaiwasha, mpaka kioo cha taa yangu kikatetemeka.

Ukiogopa watu wa kanisa, usiwaambie ni muziki. Waambie ni ndoo. Kwa macho yako ndivyo ilivyo.

Rénovat


Kinama, Bujumbura
24 Septemba 2023

Kaka,

Salamu kwa wanaostahili.

Hujajibu. Lori la Birindwa limelala gereji tangu mwezi wa nane, hii nampa dereva mwingine nisiyemwamini. Habari ya mwisho niliyo nayo ni ile aliyokuja nayo Birindwa, kwamba alikukabidhi mkononi, ukamshukuru, ukaibeba ndoo moja kwa moja ghalani na kuifunikia magunia ya tumbaku. Mama alikuwa uani. Hukumwonyesha hata koti.

Goti limepona vibaya. Nimerudi kazini. Jumapili nalala chali sakafuni na kumsikiliza Hugues kupitia ukuta. Hiyo ndiyo adhabu uliyonipa, na nimeipokea. Lakini kiangazi kimekwisha, kaka. Najiuliza siku hizi ukimwita mama unamwita mara ngapi.

Kama ndoo bado iko chini ya magunia, usiniandikie tena habari za desturi. Utakuwa umeweka msiba juu ya mtu aliye hai.

Rénovat


Ulyankulu
15 Oktoba 2023

Rénovat,

Sisi tupo. Jovithe anaumwa meno. Tumbaku imeuzwa. Barua yako imefika, yule dereva ni mwaminifu kuliko unavyodhani.

Tumeganduka. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Harusi moja iliahirishwa na spika zikapatikana, zote nne. Sikukualika kwa sababu sikutaka uje unitazame. Baada ya siku ile nilikuwa na la kuandika na sikujua niandikeje. Naandika sasa kwa sababu Jovithe ameninunia.

Turubai lilikuwa kubwa kuliko la Elvire. Watu walijaa mpaka barabarani. Mama nilimweka mbele kabisa, kitenge kipya. Mwenye spika akawasha na viti vikatetemeka, hata soda zikacheza kwenye meza. Nikatazama watu wanavyotazama, nikasema moyoni, mzee, umeona.

Mama akageuka kuangalia barabarani. Akamvuta Jovithe mkono.

"Hilo lori la nani? Mwambieni dereva azime, muziki uanze."

Alisema kwa sauti kubwa, maana siku hizi hajui sauti yake ina ukubwa gani. Elvire alikuwa nyuma yake. Elvire akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

Nikamwambia mwenye spika azime. Akasema, "Mzee, hata wimbo wa kwanza haujaisha." Nikamwambia umeisha. Nikaenda ghalani na suti yangu, nikaondoa magunia. Waya mwekundu kwenye mwekundu, kama ulivyofunga. Nikaiweka mapajani mwake mbele ya watu wote na wazee wenzangu wa kanisa, nikashika mikono yake nikaiweka pembeni.

Mwanzoni hakufanya kitu. Kisha akaanza kuhamisha viganja polepole, kama mwanamke mjamzito anayetafuta mahali mtoto anapopiga teke. Akafika mahali, akatulia. Akasema, "Nyamazeni."

Tulikuwa tumeshanyamaza wote.

Nakwambia ukweli, sauti ya ndoo yako ni mbaya. Waliokaa mstari wa pili hawakusikia kitu. Walikaa wanamtazama mwanamke aliyekumbatia ndoo ya rangi, mpaka inanga ikaisha. Sasa watu wakipita hapa wananyoosha kidole kweli, lakini siyo kile kidole nilichokitaka.

Majina yaliitwa. Lako nililiita mahali pake, baada ya langu. Hakuna aliyeitika. Nikaliita tena, nikaitika mwenyewe, nikapiga funda lako. Pombe ilikuwa chungu. Jovithe alikosea kimea.

Redio ya mama iko mezani. Haitaki. Anataka ndoo. Anakaa nayo jioni na mtu asimguse.

Pontien


Kinama, Bujumbura
5 Novemba 2023

Kaka Pontien,

Salamu. Jovithe asukutue kwa maji ya chumvi.

Hata funda langu umelinywa wewe. Umezaliwa kabla yangu na tangu hapo hujaacha kunitangulia kwenye chakula. Lakini uliitika, na nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko unavyostahili. Fundi ameniuliza tena nina nini, safari hii nimechukua karai nikapanda.

Hukuandika kama anasikia kwa masikio bado, hata kidogo, au ni kwa viganja tu. Usiniandikie. Nitakuja huko kuona mwenyewe, nyumba hii ya Carama ikishaezekwa, kama mwenye jengo atajitokeza kutulipa.

Kazini imetupwa ndoo nyingine, ya rangi ya kijani. Spika sina. Nimeiosha tu nikaiweka kwenye kona.

Godoro lililo ndani ya ile ya mama lisitolewe. Betri isiachwe ikauke. Paneli itolewe vumbi la tumbaku kila asubuhi na igeuzwe ielekee jua. Usimtume mtoto juu ya bati. Panda mwenyewe. Wewe ndiye mkubwa.

Rénovat